Asta uani: kipupwe ndio msimu wake

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini maua ya asta yanayopendeza kwenye picha ya pakiti yanashindikana uani kwetu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mtaona tunarudi mara kwa mara kwenye mambo mawili, tarehe ya kusia mbegu na udongo ambao haujawahi kubeba asta. Tunarudi kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea mimea yao.

Assalamu alaykum. Mwanangu aliyeko Uingereza kaniletea pakiti mbili za mbegu. Moja imeandikwa *Callistephus chinensis*, nyingine *Aster novi-belgii*. Picha zote ni za maua ya zambarau na yanakaribia kufanana. Je, zinapandwa namna moja? Nianze na ipi? – Mama wa Mbweni, Unguja

Wa alaykumu ssalaam, mama. Anza na *Callistephus chinensis*, asta ya Kichina. Huu ni mmea wa msimu mmoja: unausia, unachanua baada ya miezi mitatu na nusu hadi minne, unatoa mbegu, unakufa. Hauhitaji kupitia majira ya baridi ndipo uchanue, na kwa ajili hiyo unawezekana kwetu. India hulimwa kwa ajili ya masoko ya maua, khasa jimbo la Karnataka, na watafiti wa Bengaluru wametoa aina kama Kamini, Poornima na Shashank. Bengaluru iko juu, yapata mita 900 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo usiku wake una ubaridi kuliko wetu. Hata hivyo, ukipata mbegu za aina hizo, zichukue kabla ya zile zilizozalishwa kwa ajili ya bustani za Ulaya.

Hiyo ya pili ni asta ya kudumu, asili yake Marekani Kaskazini. Kwao hulala ardhini wakati wa baridi, huinuka na kurefuka mchana unapokuwa mrefu, kisha huchanua mwezi wa Septemba mchana unapopungua. Sisi hatuna baridi hiyo wala mchana mrefu. Mara nyingi utakachopata ni kitita cha majani kilicholala chini, maua machache yenye vikonyo vifupi, na ubwiri unga juu ya majani. Sisi hatushauri kuitolea tuta zima. Ukiwa na hamu nayo, sia mbegu chache kwenye chungu, basi.

Jihadhari na majina pia. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa mimea walianza kuzitoa asta nyingi za Marekani Kaskazini kwenye jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja) ya *Aster* na kuzitia kwenye *Symphyotrichum*. Ukiona pakiti imeandikwa *Symphyotrichum novi-belgii*, ni mmea ule ule wa pakiti yako ya pili.

Nilisia asta mwezi wa Aprili kwenye sinia la plastiki. Ziliota vizuri, lakini zilipofika urefu wa kidole gumba zikaanza kulala moja moja, na kufika wiki ya pili hapakubaki kitu. Udongo ulikuwa mzuri, wa chini ya mnazi, na nilimwagilia kila siku. Tatizo nini? – Msomaji wa Wete, Pemba

Ndugu yetu wa Wete, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Kuvu wa kwenye udongo hushambulia shina pale linapogusana na ardhi, likawa jembamba kama uzi, mche ukalala na hali majani bado ni mabichi. Mambo matatu yamekutana: udongo haukusafishwa, maji yalizidi, na Aprili ni katikati ya masika ambapo hewa yenyewe imelowa.

Kwanza tarehe. Sia kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni, chini ya upenu au pahala mvua isipopiga. Hapo miche itahamishiwa bustanini masika yakiwa yamekwisha, itakua kipupwe chote, na maua yatatoka Septemba na Oktoba kabla mvua za vuli hazijakolea. Ukisia Novemba au Disemba, mmea utakutana na joto la Januari na Februari ukiwa na vitumba. Maua yatakuwa madogo, petali zitaungua ncha, na utitiri utajaa.

Udongo wa kitalu utengeneze hivi: sehemu mbili za udongo wa kinongo (ule mwekundu wenye rutuba) uliochekechwa, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa shamba. Usichukue mchanga wa pwani, una chumvi. Tia mchanganyiko kwenye ndoo ya chuma au sufuria kuukuu, umwagie maji yanayotokota, kama lita 3 kwa kila lita 10 za udongo, funika kwa turubali mpaka upoe kabisa. Ujaze kwenye sinia lenye matundu chini. Gramu moja ya mbegu za asta ina mbegu zaidi ya 400, kwa hivyo usizimwage kwa mkono. Zipange kwa ncha ya kijiti, sentimita 2 kati ya mbegu na mbegu, uzifunike kwa udongo mwembamba wa milimita 3 hadi 5.

Maji yapandie chini: weka sinia ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, likiloa juu litoe. Usirudie mpaka uso wa udongo uanze kupauka. Funika kwa gunia lililoloweshwa, lakini ulichungulie kila asubuhi kuanzia siku ya tano, maana mbegu huota kati ya siku ya 7 na ya 14, na gunia likikaa siku moja zaidi miche inarefuka na kupauka. Zikishaota, toa gunia, weka kivuli chepesi cha makuti siku kumi za mwanzo, kisha punguza kivuli kidogo kidogo.

Hamisha mche ukiwa na majani manne au matano, yaani baada ya wiki 4 hadi 5. Fanya kazi hiyo baada ya alasiri, jua likiwa limepungua makali. Mche ukae kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye sinia. Ukizamisha shingo yake ardhini unaikaribisha kuvu tena. Nafasi ni sentimita 25 kwa aina fupi na 30 kwa aina ndefu. Kabla ya hapo tuta liwe limepata samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja ya lita 10 kwa kila mita ya mraba. Mbolea ya kuku mbichi usiitie hata kidogo. Wiki tatu baada ya kuhamisha, nyunyiza mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17, vijiko viwili vya chakula kwa mita ya mraba, mbali na shina, kisha mwagilia.

Asta zangu zinachanua, lakini ni fupi mno, hazifiki hata shubiri moja na nusu. Pakiti inasema sentimita 70. Nimeongeza mbolea mara mbili bila ya mafanikio. – Msomaji wa Fuoni

Acha mbolea, bibie. Kinachokosekana ni mwanga wa saa nyingi. Asta ya Kichina huinua shina lake mchana ukiwa mrefu. London mwezi wa Juni mchana unapita saa 16. Hapa Zanzibar, nyuzi 6 kusini ya ikweta, mchana unacheza kati ya saa 11 na dakika 45 na saa 12 na dakika 30 mwaka mzima. Mmea unaona siku fupi tangu mdogo, unatoa maua kabla haujarefuka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukubali umbo hilo na kununua aina fupi makusudi, zile za sentimita 20 hadi 30, ambazo hujaa vizuri kwenye vyungu na kingo za tuta. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo njia tunayoipendelea.

Ya pili ni ile wanayotumia wakulima wa maua ya kukata: kuurefusha mchana kwa taa. Taa moja ya LED ya wati 9, yenye mwanga wa manjano, ikining'inia mita moja na nusu juu ya tuta, inatosha eneo la kama mita 2 za mraba. Iwashe kila siku kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 4:30 usiku. Anza mara miche ikishika baada ya kuhamishwa, endelea kwa wiki 4 hadi 5 mpaka shina lifike sentimita 20 au 25, kisha zima moja kwa moja. Ukiendelea kuwasha, unachelewesha vitumba. Ukikosa siku mbili tatu umeme ukikatika, usijali. Soketi iwe barazani, pasipofika mvua. Na usikate kilele cha mmea katika kipindi hiki, kwani aina ndefu hujitolea matawi zenyewe.

Hakikisha pia tuta linapata jua la moja kwa moja saa 6 kwa uchache. Chini ya mwembe asta hairefuki kwa uzuri, inalegea tu.

Mwaka jana tuta langu la asta lilikuwa zuri ajabu, majirani wakija kuomba maua. Mwaka huu nimepanda pale pale, na mimea ilipokaribia kuchanua ikaanza kunyauka upande mmoja. Tawi la kulia linakufa, la kushoto zima, kisha wote unakufa. Nimemwagilia zaidi, haikusaidia. Nisaidieni tafadhali. – Msomaji wa Chake Chake

Pole sana. Hili ndilo adui kubwa kuliko yote ya asta ya Kichina: mnyauko fuzari. Kuvu wake, *Fusarium oxysporum*, wa aina inayoshambulia asta tu, huingia kwenye mizizi na kuziba mirija inayopandisha maji. Kwa kuwa mirija ya upande mmoja huziba kabla ya mingine, mmea hufa nusu nusu kama ulivyoeleza. Udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 28 unampendeza sana kuvu huyu, na udongo wetu uko hapo karibu mwaka mzima.

Kabla hujang'oa vyote, hakikisha. Mmea ulionyauka kwa kiu hurudi hali yake jioni au baada ya kumwagiliwa, wenye fuzari haurudi. Chukua mmea mmoja, pasua shina kwa urefu kwa kisu kikali kuanzia usawa wa ardhi. Ukiona michirizi ya kahawia ndani ya shina, chini ya ganda, na moyo wa katikati bado mweupe, ni fuzari. Siku za unyevu utaona pia ungaunga wa rangi ya waridi iliyopauka kwenye shina karibu na ardhi. Kisha kata kipande kingine cha shina, kining'inize ndani ya gilasi ya maji safi bila kukitikisa. Yakitoka maji meupe kama uzi wa maziwa yakishuka chini baada ya dakika chache, basi huo ni mnyauko wa bakteria, ambao hushambulia pia nyanya, bilingani na viazi. Maji yakibaki safi, rudi kwenye fuzari.

Dawa ya kuuponya mmea ulioshikwa hakuna, na anayekuuzia unga wa kumwagia mizizini anakupotezea fedha. Kazi iliyopo ni kuokoa ardhi. Ng'oa mimea iliyoathirika pamoja na mizizi yake, ichome, usiitupe kwenye shimo la mboji. Jembe, kisu na viatu vioshe kwanza udongo wote utoke, ndipo uvipitishe kwenye maji ya jiki, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Maji yanayotiririka kutoka kwenye tuta hilo yasielekee tuta jingine lenye asta. Watu wengi husambaza ugonjwa huu kwa koleo moja la udongo walilohamishia kwenye chungu.

Kuvu hubaki ardhini miaka mingi hata bila ya asta. Tunashauri usirudishe asta hapo kwa miaka 5 kwa uchache. Habari njema ni kwamba aina hii haigusi mboga zako, kwa hivyo panda mchicha, bamia au mrehani bila ya wasiwasi. Ukiwa huna nafasi nyingine, tumia jua la kiangazi: mwezi wa Januari na Februari lima tuta, vunja mabonge, lowesha mpaka kina cha sentimita 30, tandaza nailoni angavu ishikane na ardhi, fukia kingo zake zote. Acha wiki 6. Nailoni nyeusi haifanyi kazi vizuri hivyo. Njia hii inapunguza kuvu sana kwenye tabaka la juu lakini haimmalizi, hivyo usione ni ruhusa ya kupanda asta kila mwaka.

Udongo wa vilima vya Pemba mara nyingi una uchachu, na fuzari hupendelea hali hiyo. Pima pH kwanza, yaani kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa. Ikiwa chini ya 6, changanya chokaa ya kilimo gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, wiki 4 kabla ya kupanda, ukilenga pH ya 6.5 hadi 7. Mwaka ujao nunua mbegu ambazo pakiti yake inataja ustahimilivu wa mnyauko, na upande vyunguni kwa udongo mpya.

Huku kwetu ni maweni matupu. Nimechimba baina ya mawe nikapanda asta. Majani machanga yanageuka manjano lakini mishipa yake inabaki kijani. Nimetia jivu, hali imezidi. Na kingo za majani zinakauka. – Msomaji wa Jambiani

Una matatizo mawili, ndugu. Manjano ya majani machanga yenye mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Chuma kimo ardhini, ila chokaa ya matumbawe imekifunga, mizizi haikipati. Jivu nalo linazidisha hali ile ile ya chokaa, ndiyo maana mimea imezidi kuumwa. Lingekuwa ni tatizo la naitrojeni, majani ya zamani, yale ya chini, ndiyo yangetangulia kupauka, tena jani zima.

Acha jivu. Kwa mimea iliyopo, yeyusha salfeti ya chuma gramu 5 kwa lita moja ya maji, kamulia matone machache ya ndimu, nyunyizia majani jioni, rudia baada ya siku 10. Usinyunyizie ukutani wala sakafuni, madoa yake ya kutu hayatoki. Ila hiyo ni nafuu ya muda. Kwa msimu ujao jenga tuta la juu la sentimita 30 kwa kinongo kilicholetwa na mboji, au tumia vyungu vya upana wa sentimita 20 na zaidi, mche mmoja kwa kila chungu.

Kingo kukauka ni chumvi: ya maji ya kisima, ya upepo wa kusi, au zote mbili. Maji ukiyaonja yakawa na ukali wa chumvi, asta hayafai. Hifadhi maji ya mvua ya masika kwa ajili ya vyungu. Upande unaoelekea bahari simamisha ua wa makuti wa kimo cha mtu, uwe na upenyo kidogo. Ukuta mzima unaupindua upepo ukaangukia mimea kwa nguvu zaidi.

Na ikiwa unatumia usumba kwenye vyungu, kama wengi wa pwani ya mashariki, kumbuka kwamba makumbi yake yalifukiwa pwani. Uloweke usumba saa 24, mwaga maji, rudia mara tatu, uyaonje maji ya mwisho. Yakiwa bado na chumvi, endelea.

Majani ya asta zangu yana vidoa vidogo vyeupe vingi, na chini yake kuna utando. Baadhi ya maua yanatoka ya kijani, yamejikunja. Ni kitu kimoja? – Msomaji wa Bububu

Hapana, ni viwili. Utando na vidoa ni utitiri mwekundu, unaozidi wakati wa ukavu. Piga chini ya majani kwa maji ya nguvu asubuhi siku tatu mfululizo, kisha nyunyizia mwarobaini: gramu 500 za kiini cha mbegu zilizotwangwa, loweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji, nyunyizia jioni. Rudia kila baada ya siku 7.

Ua la kijani lililojikunja, pamoja na vichipukizi vyembamba vya manjano vinavyotoka kwa wingi, ni dalili ya ugonjwa wa manjano ya asta. Huletwa na kiumbe kidogo mno, fitoplazma, kinachosambazwa na wadudu warukao wanaofyonza utomvu. Mmea huo hautapona. Ung'oe leo, na ung'oe magugu yaliyo karibu, maana huko ndiko wadudu hao hujificha.

Je, asta inafaa kutiwa kwenye kikuba? Na inakaa siku ngapi ndani ya chombo cha maua? – Msomaji wa Mkoani

Kwenye kikuba hapana, haina harufu. Asmini, mkadi na mrehani zibaki na kazi yao. Ndani ya chombo asta hukaa kama wiki moja. Kata alfajiri, ua likiwa limefungua petali za nje zote na katikati ndiyo kwanza linaanza. Ukikata kitumba, hakifunguki tena. Pukutua majani yote yatakayozama, kwani huoza haraka na kunukisha maji. Kwa lita moja tia kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya ndimu, ubadilishe maji kila siku.

Nikichukua mbegu zangu mwenyewe, zitaota? – Msomaji wa Mwera

Zitaota, na nyingi zitafanana na mama yake, kwa sababu ua la asta hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa. Ikiwa pakiti ilikuwa ya mbegu chotara, hapo usitegemee zifanane. Chagua mimea miwili mitatu mizima kabisa, isiyo na dalili ya mnyauko, maana fuzari husafiri na mbegu. Liache ua likaukie juu ya mmea mpaka katikati itoe manyoya meupe, wiki 3 hadi 4 baada ya kuchanua. Mvua za vuli zikitangulia, kata vikonyo ukaviegeshe upenuni juu ya gazeti. Anika mbegu kivulini siku 5, zitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na mchele uliokaangwa ukapoa, uweke kwenye friji. Mbegu za asta hazina umri mrefu, na kwenye unyevu wa kwetu zikikaa juu ya kabati haziendi mwaka. Mwezi wa Mei, kabla ya kusia zote, weka mbegu 10 ndani ya kitambaa kilicholowa kwa siku 10. Zikiota chini ya 5, sia mara mbili ya unazohitaji.